Vitabu vya Zamani vya Tintin: Namna ya Kukusanya na Kutambua Toleo Lililo Mkononi Mwako

Chukua Tintin au pays de l'or noir ya Kifaransa ya mwaka 1950, uiweke mezani kando ya tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1972, Land of Black Gold. Katika kitabu cha kwanza Tintin, yule mwandishi wa habari kijana wa katuni, anashuka Haifa, Palestina ikiwa bado chini ya Waingereza, na wanaomtia nguvuni ni wanajeshi wa Kiingereza. Kisha anatekwa na wapiganaji wa Kiyahudi waliomdhania mtu wao. Katika kitabu cha pili Haifa haipo. Bandari inaitwa Khemkhah, mji usioonekana kwenye ramani yoyote, wanaomkamata ni askari wa Kiarabu, na wale wapiganaji wametoweka kabisa.

Mchoraji ni yule yule, Georges Remi, aliyejiita Hergé (1907–1983). Tintin alitokea kwa mara ya kwanza tarehe 10 Januari 1929 katika Le Petit Vingtième, nyongeza ya watoto ya gazeti moja la Brussels, na tangu 1934 vitabu vyake vikachapishwa na Casterman wa mji wa Tournai, Ubelgiji. Vita vilipoleta uhaba wa karatasi, hadithi za zamani zenye kurasa zaidi ya mia zilibanwa hadi kurasa 62 na kupakwa rangi. Baadaye wachapishaji wa Uingereza, Marekani na nchi za Skandinavia nao wakaja na madai yao, na kila dai lilibadilisha picha, jina au ukurasa mzima. Ndiyo maana vitabu viwili vyenye jina moja vinaweza kutofautiana sana kwa thamani, na hata kwa hadithi yenyewe.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu anayeanza, awe amekuta Tintin ya Kiingereza kwenye meza ya vitabu vya mitumba Nairobi au Dar es Salaam, au ya Kifaransa kwenye sanduku la marehemu babu huko Bujumbura au Lubumbashi.

Hatua ya kwanza: chagua hadithi moja, uifuate kila ilikopita

Wengi huanza kwa kutaka mfululizo wote. Ukihesabu ile ya kwanza ya safari ya Urusi na ile ya mwisho ambayo Hergé aliiacha bila kuimaliza, ni vitabu 24. Kuvipata vyote 24 katika chapa za kawaida si kazi ngumu. Ni suala la pesa na subira tu, na mwisho wake unakuwa na rafu inayofanana na rafu ya kila mtu.

Mimi namshauri anayeanza achague hadithi moja atafute matoleo yake tofauti: ya rangi nyeusi na nyeupe, ya rangi ya kwanza, iliyorekebishwa, ya Kiingereza, ya Kidachi, ya Kidenmark. Hapo jicho lako litajifunza haraka, kwa sababu unalinganisha kitu na chenyewe. Hadithi zinazofaa zaidi kwa kazi hii ni nne: L'Île Noire (kwa Kiingereza The Black Island), L'Or noir (Land of Black Gold), Le Crabe aux pinces d'or (The Crab with the Golden Claws) na Tintin au Congo. Zote zimebadilishwa sana na zote bado hupatikana.

Hatua ya pili: jua majina kwa kila lugha

Hii haichukui muda. Mbwa Milou wa Kifaransa ni Snowy kwa Kiingereza, Bobbie kwa Kidachi na Struppi kwa Kijerumani. Wapelelezi Dupond na Dupont ni Thomson na Thompson kwa Waingereza, Jansen na Janssen kwa Wadachi, Schulze na Schultze kwa Wajerumani, Hernández na Fernández kwa Wahispania. Profesa Tournesol ni Calculus kwa Kiingereza na Zonnebloem kwa Kidachi. Tintin mwenyewe ni Kuifje kwa Kidachi na Tim kwa Kijerumani.

Faida yake utaiona unapotafuta mtandaoni. Anayeandika "Tintin" peke yake haoni matangazo ya Wadachi na Wajerumani, na mara nyingi huko ndiko bei zinakokuwa nafuu.

Hatua ya tatu: geuza kitabu, uanzie jalada la nyuma

Jalada la mbele limerudiwa kwa miongo kadhaa bila kubadilika, kwa hiyo halikusaidii sana kujua umri. Jalada la nyuma la Casterman linasema mengi zaidi, kwa sababu lilikuwa likiorodhesha vitabu vya mfululizo vilivyokwisha kutoka. Kitabu kipya kilipoongezeka, orodha ikabadilishwa. Wakusanyaji wa Kifaransa huliita jalada hilo "4e plat" na wamezipa orodha zote alama za herufi na namba: herufi A ni za zamani zaidi, na B1 ni ya mwaka 1946. Alama hizo hazikuchapwa kwenye kitabu. Zimo katika kitabu cha bei kiitwacho BDM, kwa majina ya waandishi wake Béra, Denni na Mellot, na kila muuzaji makini wa Ubelgiji au Ufaransa anakifahamu.

Hata usipokuwa na BDM unaweza kukadiria umri mwenyewe. Tafuta kichwa cha karibuni zaidi katika orodha. Objectif Lune ni ya 1953 na On a marché sur la Lune ni ya 1954. L'Affaire Tournesol ni 1956, Coke en stock 1958, Tintin au Tibet 1960, Les Bijoux de la Castafiore 1963, Vol 714 pour Sydney 1968, na Tintin et les Picaros 1976. Kwa hiyo orodha ikifika Vol 714 bila kutaja Picaros, kitabu hicho kwa kawaida kilitoka kiwandani kati ya 1968 na 1976, hata kama ndani kimeandikwa mwaka wa miongo mitatu nyuma.

Nakili orodha hiyo ya miaka kwenye simu yako. Ukiwa umechuchumaa mbele ya meza ya muuzaji, itakufaa kuliko kitu kingine chochote katika mwongozo huu.

Hatua ya nne: soma ukurasa wa hakimiliki bila kuuamini upesi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Muuzaji anafungua kitabu, anakuonyesha "Copyright 1946 by Casterman", anakwambia umri wake ni karibu miaka themanini. Pengine anaamini kwa dhati. Lakini mwaka huo ni wa haki ya mchoraji juu ya toleo lile la hadithi, na Casterman waliuacha palepale katika chapa zote zilizofuata. Kitabu kilichochapwa 1985 kinaweza kuwa na 1946 hiyo hiyo.

Kanuni ninayoitumia ni hii: kila alama ya ndani inakwambia tu kwamba kitabu hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka fulani. Kusanya alama zote, kisha shika ile ya karibuni zaidi. Ukiona inatajwa sheria ya Ufaransa ya tarehe 16 Julai 1949 kuhusu machapisho ya vijana, kitabu si cha kabla ya hapo. Ukiona namba inayoanza na D, ikifuatiwa na mwaka, kisha 0053, hiyo ni namba ya kuwasilisha nakala kisheria nchini Ubelgiji, na 0053 ni ya Casterman. Mwaka ulio ndani ya namba hiyo nao unaweza kurudiwa katika chapa za baadaye, kwa hiyo uchukulie kama mwaka wa chini, usiufanye mwaka wa kuzaliwa.

ISBN ilianza kuenea kuanzia 1970. Yenye tarakimu kumi ni ya kati ya hapo na mwisho wa 2006. ISBN iliyoandikwa kwa tarakimu kumi na tatu ikianza na 978 kwa kawaida ni ya 2007 na kuendelea (usiichanganye na namba iliyo chini ya mistari ya mashine, ambayo ilianza na 978 hata kabla ya hapo), na ukiiona hiyo kwenye kitabu kinachouzwa kama "cha zamani", shukuru urudishe mezani. Tarakimu za mwanzo za ISBN, baada ya 978 kama ipo, pia zinakwambia lugha: 2 ni Kifaransa, 0 ni Kiingereza, 3 Kijerumani, 84 Hispania, 87 Denmark, 90 Kidachi, 91 Uswidi. Ukiona 2-203 ni Casterman, na 0-416 ni Methuen wa London. Ile mistari myeusi ya kusomwa na mashine dukani ikiwa imechapwa kwenye jalada lenyewe, basi uko miaka ya 1980 au baadaye.

Matoleo ya Uingereza ni rahisi zaidi. Methuen walianza 1958 na The Crab with the Golden Claws na King Ottokar's Sceptre, kwa tafsiri ya Leslie Lonsdale-Cooper na Michael Turner, na walikuwa waungwana wa kuandika kila mwaka wa kurudia chapa. Ukisoma kwamba kilichapwa kwanza 1962, kikarudiwa 1966, 1969 na 1971, basi umeshika cha 1971. Kabla ya Methuen, mwaka 1952, Casterman wenyewe walijaribu kutoa vitabu viwili kwa Kiingereza, The Secret of the Unicorn na Red Rackham's Treasure. Hivyo ni adimu kwelikweli, na ukikutana na nakala yenye jina la Casterman na Kiingereza cha wakati huo, usiiache.

Marekani ilianza na Golden Press: vitabu vinne mwaka 1959 na viwili mwaka 1960, kisha wakaacha. Tafsiri yao ni tofauti kabisa na ya Methuen. Wamarekani walianza tena miaka ya 1970 kwa jina la Little, Brown, safari hii wakitumia tafsiri ya Waingereza.

Hatua ya tano: pima mwili wa kitabu

Pitisha kidole kwenye mgongo. Vitabu vya Casterman vya miaka ya 1940 na 1950 vina mgongo wa kitambaa, mwekundu au wa njano, na unasikia nyuzi chini ya ngozi ya kidole. Vya baadaye vina mgongo wa karatasi iliyofunikwa kwa utando unaong'aa. Kisha fungua kurasa za bitana, zile zinazoshikanisha jalada na kitabu. Bluu iliyokoza, yenye michoro midogo ya Tintin na mbwa wake, ni ya zamani. Bluu nyepesi yenye picha za wahusika zilizotundikwa ukutani kama za ukoo ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1950.

Tazama karatasi pia. Karatasi ya wakati wa vita na baada yake hugeuka rangi ya chai kuanzia pembeni kuelekea katikati. Ukurasa mweupe pe ndani ya kitabu kinachodai kuwa cha 1943 unatosha kukufanya uulize maswali.

Hatua ya sita: soma visanduku vya picha, kimoja kimoja

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayonifanya nizipende katuni hizi kuliko stempu au sarafu. Huhitaji kitabu cha bei. Unahitaji mwanga mzuri na nakala mbili.

Anza na L'Île Noire, hadithi inayotokea Uingereza na Uskoti. Ina miili mitatu: ya nyeusi na nyeupe ya 1938, ya rangi ya 1943, na iliyochorwa upya 1966. Methuen walipotaka kuitoa kwa Kiingereza waliorodhesha makosa 131 kuhusu maisha ya Uingereza na kumpelekea Hergé. Naye akamtuma msaidizi wake Bob de Moor avuke bahari akachore mandhari kwa macho yake, kisha kitabu kizima kikachorwa upya. Ndege zilikabidhiwa kwa Roger Leloup, mchoraji hodari wa mitambo, ndiyo maana zile za 1966 ni za kisasa na zina kila kipande mahali pake.

Alama ya haraka zaidi iko kwenye behewa la pombe ambalo Tintin anajificha. Katika matoleo ya zamani limeandikwa Johnnie Walker, chapa ya kweli ya wiski. Katika toleo la 1966 limeandikwa Loch Lomond, jina lile lile linalohusishwa na wiski ya Nahodha Haddock, rafiki wa Tintin, katika vitabu vingine. Kisanduku kimoja tu, na umeshajua uko upande gani wa 1966. Wasomaji wengi huona toleo jipya ni safi mno na la zamani lina uhai zaidi. Mimi niko upande wao: mistari ya 1943 ina haraka ya mtu anayesimulia, wakati ile ya 1966 inaonyesha kila msumari mpaka hadithi inapungua kasi.

L'Or noir nimeshaitaja mwanzoni. Ilianza gazetini 1939, ikakatizwa na Wajerumani kuivamia Ubelgiji Mei 1940, ikaendelea 1948, ikawa kitabu 1950. Mwaka 1971 ilirekebishwa kwa ombi la Methuen, kwa kuwa Palestina ya Waingereza ilikuwa imeshakuwa historia ambayo mtoto wa wakati huo asingeielewa. Ipo alama moja ambayo msomaji wa pwani yetu ataiona kabla ya Mzungu yeyote. Katika toleo la zamani maandishi ya Kiarabu kwenye kuta na mabango ni mikwaruzo tu, hayasomeki. Katika toleo la 1971 yamekuwa Kiarabu halisi. Aliyepita chuoni, akaishika juzuu hata kwa mwaka mmoja, ataamua umri wa kitabu hicho kwa kutazama ukuta mmoja.

Le Crabe aux pinces d'or inatupeleka kwenye jambo zito zaidi. Golden Press ya Marekani haikutaka watoto waone watu weusi na weupe pamoja katika picha. Kwa hiyo baharia mweusi Jumbo, ambaye Tintin anamfunga ndani ya meli, alichorwa upya kuwa mtu mwingine asiye mweusi, na vivyo hivyo yule anayempiga Haddock baadaye kwenye hadithi. Picha za Haddock akinywa moja kwa moja kwenye chupa nazo ziliondolewa. Cha kutazamwa hapa ni kwamba walibadilisha picha lakini hawakuyabadilisha maneno yote: Haddock anaendelea kusema aliyempiga ni mtu mweusi, wakati mtu uliyemwona si mweusi. Mabadiliko ya wale wawili yaliingia hata katika chapa za Ulaya za baadaye. Kwa hiyo nakala ya Kifaransa yenye Jumbo mweusi ni ya kabla ya marekebisho hayo, na wakusanyaji huitafuta.

L'Étoile mystérieuse ilichorwa Ubelgiji ikiwa chini ya Wajerumani, kwa gazeti la Le Soir, na ndicho kitabu cha kwanza cha Tintin kutolewa moja kwa moja kwa rangi, mwaka 1942. Adui ndani yake ni tajiri wa New York aitwaye Blumenstein, jina la Kiyahudi, na kundi lake linapeperusha bendera ya Marekani. Katika miaka ya 1950 jina likawa Bohlwinkel, na nchi ikawa São Rico ya kubuni. Nakala yenye Blumenstein ni ya zamani, na inabeba uzito wa wakati wake. Usiinunue bila kujua unanunua nini.

Sasa Tintin au Congo, kitabu kinachotugusa moja kwa moja. Toleo la kwanza, la nyeusi na nyeupe, lilitoka 1931. Ndani yake Tintin anasimama mbele ya darasa la watoto wa Kikongo na kuwaambia atawafundisha kuhusu nchi yao, Ubelgiji. Katika toleo la rangi la 1946 somo hilo limekuwa hesabu ya kujumlisha mbili na mbili. Kisanduku ni kile kile, ubao ni ule ule, watoto ni wale wale. Katika toleo la 1946 pia Dupond na Dupont wamepachikwa kwenye ukurasa wa kwanza wakimtazama Tintin akiondoka. Kwa Kidachi toleo la rangi liliitwa kwanza Kuifje in Afrika, bila kuitaja Kongo, kabla ya kuwa Kuifje in Congo.

Ukurasa wa 56 una alama nyingine kubwa. Katika toleo la 1946 Tintin anatoboa tundu mgongoni mwa kifaru aliye hai, anatia baruti, anamlipua. Wachapishaji wa Skandinavia walipotaka kukitoa mwaka 1975 walikataa ukurasa huo, na Hergé akauchora upya: kifaru anaigusa bunduki ya Tintin aliyelala, inalia, mnyama anakimbia mzima. Ukurasa huo mpya ndio uliotumika katika lugha nyingine kadhaa baadaye, lakini Kifaransa kikaendelea na baruti. Waingereza hawakukigusa kabisa kitabu hiki hadi 1991, walipotoa la nyeusi na nyeupe. Toleo la rangi kwa Kiingereza lilikuja 2005, likiwa limefungwa utepe wa tahadhari na dibaji ya maelezo. Mkongo mmoja aliyekuwa akisoma Ubelgiji alifungua kesi mwaka 2007 akitaka kitabu kizuiwe, na mahakama ya Brussels ikaikataa mwaka 2012.

Najua wenzetu wa Bukavu na Lubumbashi ambao hawataki kitabu hiki kikae nyumbani mwao, na siwalaumu. Picha za Wakongo humo ni za dharau, katika toleo la 1931 na la 1946 vilevile. Lakini mkusanyaji ana kazi ambayo msomaji wa kawaida hana. Ukiyaweka matoleo mawili bega kwa bega kwenye lile somo la darasani, unashika mkononi ushahidi wa kitu ambacho mwaka 1931 kilisemwa kwa watoto bila haya, na kufikia 1946 mchoraji mwenyewe aliona afadhali kukifuta. Mtu mwenye toleo moja tu hauoni ushahidi huo. Kwa hiyo ushauri wangu ni kununua yote mawili, au kutonunua hata moja.

Hatua ya saba: tofautisha chapa ya zamani na nakala ya kuigiza

Casterman wametoa chapa mpya zinazoiga zile za zamani kila kitu, mgongo wa kitambaa, bitana za bluu, hata ukurasa wa kwanza. Ni vitabu vizuri na ni njia ya bei nafuu ya kuwa na toleo la 1938 au 1943 kwa ajili ya kulinganisha. Shida huja mtu anapoviuza kama vya asili. Tafuta ISBN mwishoni au pembeni, tazama ubichi wa karatasi, na usome mistari midogo ya mwisho inayotaja kiwanda na mwaka. Ukurasa wa mwisho ukiwa umekatwa kwa wembe, mara nyingi ni kwa sababu hiyo.

Hatua ya nane: nunua kwa utaratibu

Kwenye matangazo ya Kifaransa utakutana na vifupisho. EO ni toleo la asili la kwanza. TBE ni hali nzuri sana, BE ni hali nzuri, na kila muuzaji ana jicho lake, kwa hiyo usitoe pesa kwa herufi peke yake. Omba picha tano: jalada la mbele, jalada la nyuma lote, mgongo, ukurasa wa hakimiliki, na kisanduku kile kinachotofautisha matoleo. Kwa L'Île Noire omba picha ya behewa, kwa Congo omba ukurasa wa 56. Muuzaji anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa hivyo. Anayekwepa, achana naye.

Kama una ndugu Brussels, mwambie apite Place du Jeu de Balle asubuhi. Ni soko la vitu vya zamani linalofanya kazi kila siku, na Hergé mwenyewe aliliweka mwanzoni mwa Le Secret de la Licorne. Akiwa na nafasi aende pia Louvain-la-Neuve, kwenye jumba la makumbusho la Hergé lililofunguliwa 2009, akaone michoro ya asili. Asije tu akachanganya bei za michoro hiyo na bei za vitabu. Mchoro wa rangi uliokusudiwa kuwa jalada la Le Lotus bleu uliuzwa mnadani Paris Januari 2021 kwa zaidi ya euro milioni tatu. Hicho ni kipande kimoja cha mkono wa Hergé, hakina uhusiano na kitabu cha duka.

Nyumbani kwetu, vitabu vya Kiingereza vya jalada laini, vile vya Methuen na vya Magnet, chapa yao ya watoto, ndivyo vinavyopatikana zaidi. Vingi vimetoka maktaba za shule na vina mihuri. Wazungu huvishusha bei kwa sababu ya muhuri. Mimi muhuri wa shule ya Afrika Mashariki siuoni kama doa: unaonyesha kitabu kilisomwa wapi na lini.

Hatua ya tisa: kitunze kisiliwe na hali ya hewa

Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar adui ni unyevu. Usiweke vitabu kwenye rafu iliyogusa ukuta wa nje. Acha nafasi ya vidole vinne hewa ipite. Vitabu vya ukubwa huu visimamishwe wima bila kubanwa, wala visilale vingi juu ya kimoja, maana gundi ya mgongo hulegea. Mfuko wa plastiki uwe wa polipropilini au poliesta. Plastiki laini yenye harufu kali hunata kwenye jalada baada ya miaka na kung'oa wino. Ukitia kitabu mfukoni wakati wa masika umefungia unyevu ndani, kwa hiyo subiri siku kavu, na uweke kipakiti cha silika.

Kitabu kipya kutoka kwenye meza ya mitumba kisiingie rafuni moja kwa moja. Kikague mgongo kwa vidudu. Ukiona vumbi laini linadondoka, kifunge vizuri ndani ya mifuko miwili, ukiweke kwenye friza kwa wiki moja au mbili, kisha ukitoe na kukiacha kikiwa kimefungwa hivyo hivyo mpaka baridi yote iishe ndipo ufungue. Ukungu unafutwa ukiwa mkavu, kwa brashi laini, nje ya nyumba. Na selotepu kamwe usiitumie, hata ukurasa ukiwa umechanika katikati. Gundi yake hugeuka kahawia na hakuna fundi atakayeitoa bila kuharibu karatasi.

Hatua ya kumi: weka daftari

Kwa kila kitabu andika jina, lugha, mchapishaji, kichwa cha mwisho kwenye jalada la nyuma, namba zote ulizozikuta ndani, rangi ya bitana, aina ya mgongo, na kisanduku ulichokitumia kuamua. Andika pia ulikipata wapi na kwa bei gani, na kama kina jina la mwenyewe wa kwanza au muhuri, uunakili kama ulivyo. Piga picha jalada la nyuma na ukurasa wa hakimiliki uziweke pamoja kwenye simu, ili unapokutana na nakala nyingine ya kitabu hicho hicho sokoni uweze kulinganisha palepale, kabla hujauliza bei.